Kuwajibika: maana ya neno, siri ya serikali, na swali la Richmond

Gazeti likiandika "Waziri awajibike", Mtanzania haulizi maana. Anajua mtu anatakiwa aandike barua, akabidhi ofisi na gari la serikali, arudi jimboni kwake. Katika siasa zetu kuwajibika na kujiuzulu vimekuwa pacha, kiasi kwamba ukisema fulani amewajibika, hakuna anayedhani amefanya kazi yake vizuri. Wote tunaelewa kwamba ameondoka.

Maana hiyo ina chimbuko. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa usalama waliwatesa watuhumiwa na baadhi yao wakafia mikononi mwao. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyesema kwamba aliamuru mtu ateswe, lakini polisi walikuwa chini yake, na mwaka 1977 alimwomba Mwalimu Nyerere ruhusa ya kujiuzulu, akakubaliwa. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi. Tangu hapo kila kashfa inapolipuka jina la Mzee Mwinyi hutajwa kama kipimo, na ni haki litajwe. Ila naona tulishika barua yake kwa mikono miwili, tukaliachia swali lililoizaa: nini kilitendeka, na kwa amri ya nani?

Litazame neno lenyewe. Wajibu ni jambo usiloweza kulikwepa. Kuwajibika ni kubanwa nalo. Wajibu na jibu ni maneno yenye mizizi tofauti kule Uarabuni yalikotoka, lakini sikio la Mswahili huyasikia kama ndugu, na kwa dhana hii sikio halikosei sana. Mwenye mamlaka, jambo la kwanza linalombana ni kujibu. Uwajibikaji serikalini ni hali ya kiongozi kulazimika kueleza alivyoyatumia madaraka na fedha alizokabidhiwa, kuulizwa na wenye haki ya kuuliza, kisha kubeba matokeo ikiwa maelezo hayaridhishi. Kujiuzulu ni mkia wa mambo hayo. Na Kiswahili kimetupa kitenzi cha pili kwa yule asiyejibu kwa hiari: kuwajibishwa.

Nimeiona dhana hii ikifanya kazi vizuri kuliko kokote chini ya mwembe. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, husomewa mapato na matumizi. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mtendaji alisoma kwamba mifuko 60 ya saruji imetumika kwenye darasa jipya. Mzee mmoja akasimama taratibu, kofia mkononi. "Ndugu mtendaji, mifuko tumeisikia, na kuta tunaziona. Sakafu iko wapi?" Mtendaji akafungua daftari, akatoa stakabadhi zilizobanwa kwa pini, akaanza kuzihesabu kwa kidole mbele ya watu. Zilifika mifuko 41. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alibaki amesimama tu, akisubiri ile 19.

Sasa mtendaji yule angesema kwamba stakabadhi za saruji ni siri ya kijiji, angefika nyumbani salama? Lakini ukipanda hadi ngazi ya taifa, jibu la namna hiyo limetolewa mara nyingi na likapita.

Siri halali zipo. Mipango ya jeshi, majina ya watoa habari wa polisi, mtihani wa taifa kabla haujafanywa: hakuna mwenye akili timamu anayetaka vitu hivyo vibandikwe kwenye mbao za matangazo. Tatizo liko kwenye muhuri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalifanya kuwa kosa la jinai kutoa habari zilizowekwa katika daraja la siri, na anayeziweka katika daraja hilo ni serikali yenyewe. Kwa hiyo ofisa aliyekosea anaweza kuigongea muhuri karatasi inayoonyesha kosa lake, na tangu hapo mwenye hatia ni anayeitoa nje. Funika kombe mwanaharamu apite, ila safari hii kombe limefunikwa kwa sheria. Ndivyo mikataba ya madini ilivyokaa kabatini kwa miaka. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, akiwa mbunge kijana wa upinzani, alitaka Bunge liunde kamati teule kuuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliosainiwa London. Hoja ilikataliwa, na yeye akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa.

Kisa kilichotufundisha zaidi ni Richmond, ndani ya serikali ya awamu ya nne, ya Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na umeme ukawa wa mgawo. Kwa dharura hiyo kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kufua megawati 100. Mitambo haikuja kwa wakati, mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans, na malipo yakawa shilingi milioni 152 kwa siku. Novemba 2007 Bunge la Spika Samuel Sitta liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake, iliyosomwa Dodoma Februari 2008, ilieleza kwamba kampuni ile haikuwa na fedha, utaalamu wala uzoefu wa kazi iliyopewa. Kwa lugha ya mtaani, kampuni ya mfukoni.

Wengi tunaikumbuka siku iliyofuata, tarehe 7. Kazi zilisimama. Watu walijazana kwenye vibanda na baa zenye televisheni, chai ikipoa mezani, kumsikiliza Waziri Mkuu Edward Lowassa akisema amemwandikia Rais Kikwete kuomba kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati iliwahoji wengine lakini yeye hakuitwa, na akasema anaona tatizo ni uwaziri mkuu. Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, waliokuwa wameongoza wizara ya nishati na madini kwa nyakati tofauti, wakaondoka naye. Baraza la Mawaziri likavunjika, Mizengo Pinda akashika nafasi ya Waziri Mkuu.

Kwa kipimo cha barua, hakuna serikali yetu iliyowahi kuwajibika namna ile. Kwa kipimo cha majibu, hali ni nyingine. Lalamiko la Lowassa lilikuwa na uzito, awe na kosa au asiwe nalo: anayetuhumiwa akiondoka kabla ya kuhojiwa, tunapoteza maelezo yake pamoja naye. Na Dk. Mwakyembe mwenyewe alisema hadharani kwamba yapo mambo ambayo kamati haikuyaweka kwenye taarifa ili kulinda heshima ya serikali. Niliposikia hilo liliniuma kuliko mkataba wenyewe. Kamati ilitumwa na wananchi kwenda kuuliza, ikapata majibu, kisha ikayapunguza njiani kwa niaba ya waliokuwa wanaulizwa. Heshima ya serikali ilikuwa imekwisha kuharibiwa na waliosaini. Kunyamaza kwa kamati kuliwalinda watu, si heshima.

Kwa nini mzigo huwaangukia mawaziri na si Rais? Ibara ya 46 ya Katiba inazuia Rais kushtakiwa kwa jinai akiwa madarakani, na hata akistaafu hashtakiwi kwa yale aliyoyafanya kama Rais. Njia iliyobaki ni ibara ya 46A, Bunge kumshtaki na kumwondoa. Hoja hiyo inataka saini za asilimia 20 ya wabunge ili ianze, na theluthi mbili ya wabunge wote ili imwondoe. Chama kimoja kikiwa na wabunge wengi kama ilivyo kwetu, mlango huo upo kwenye ramani tu. Ndiyo maana taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zina thamani kubwa. Kwa ibara ya 143 anazikabidhi kwa Rais kwanza, lakini Rais analazimika kuzifikisha bungeni, na zikishafika huko ni mali ya umma. Sakata la fedha zilizochotwa kutoka akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu, mwaka 2014 lilikwenda kwa njia hiyo: ukaguzi, kamati ya hesabu za serikali, mjadala wa usiku na mchana, kisha Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa.

Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Gharama zipo, sikatai. Lakini siku ile ya Februari 2008 isingekuwa vile kama tungesubiri muhtasari wa usiku. Mwaka huohuo wa 2016 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa: raia anaandika ombi, ofisi ya umma ina siku 30 za kumjibu. Ni hatua ya kweli na ningependa watu wengi zaidi waitumie, ingawa orodha ya mambo ambayo ofisi inaweza kuyakataa ni ndefu, na usalama wa taifa umo.

Mwaka 2015 Lowassa aligombea urais kupitia upinzani akapata kura zaidi ya milioni sita, akiendelea kusema hakutenda kosa. Alifariki Februari 2024. Katika miaka yote hiyo swali la vijiweni lilibaki lilelile, "Richmond ni ya nani?", na kila mtu alikuwa na jibu lake kwa sababu jibu rasmi halikutoka. Ankara ndiyo iliyofika. Novemba 2010 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua Dowans ilipwe, na kiasi kilichotajwa nchini kilikuwa shilingi bilioni 94. Aliyeamriwa kulipa ni Tanesco, shirika la umeme la taifa, yaani mama lishe anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi elfu mbili ili friji yake iwake hadi jioni.