Sitapu hazikati kitambi

"Kocha, mazoezi mengine siyataki, nipe ya tumbo tu." Hapa Mbeya kauli hii naisikia kwa vijana wa Mwanjelwa, naisikia kwa watumishi wa ofisini, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Dhana: ukipiga sitapu nyingi (kulala chali na kuinua kiwiliwili), mafuta ya tumboni yanaisha na siksipaki, vile vipande vya misuli ya tumbo, inatokea.

Ukweli: misuli ya tumbo kila mtu anayo, hata mwenye kitambi. Haionekani kwa sababu imefunikwa na mafuta, na msuli hauchomi mafuta yaliyoulalia. Mwili ukihitaji nguvu, huyavunja mafuta ya sehemu mbalimbali, yakaingia kwenye damu ndipo yakafika kwenye msuli unaofanya kazi. Yaanze kutoka wapi, hilo linaamuliwa na homoni na urithi. Kwa wanaume wengi tumbo ndilo linalochelewa kuliko sehemu zote. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kubwa kuliko mwingine kwa miaka. Mafuta chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Mwaka 2011, katika utafiti mwingine, watu wakafanyishwa mazoezi ya tumbo siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Misuli ikawa na ustahimilivu zaidi, mafuta ya tumbo yakabaki palepale.

Piga hesabu. Sitapu 100 hazifikishi kalori 50. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Sasa mtu ameinuka kwenye mkeka, fulana imelowa, anavuka barabara na kuagiza chipsi mayai, mafuta yanang'aa pembeni mwa sahani, na soda juu. Amerudisha mara kumi ya alichotumia. Inaniuma, maana bidii anayo. Baada ya miezi miwili anaacha mazoezi akiamini mwili wake ndio wenye kasoro.

Mengine kwa kifupi. Kujifunga nailoni tumboni kunatoa maji. Ukinywa, uzito unarudi. Limao na maji moto hayayeyushi mafuta. Parachichi la Rungwe ni chakula kizuri sana, ila moja kubwa linaweza kufika kalori 300, kwa hiyo ukilila punguza wali. Vipande viwe vinne au sita, umezaliwa navyo. Na mama aliyejifungua, ambaye katikati ya tumbo bado panatuna, misuli yake huenda imeachana: amwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kugusa sitapu.

Ushauri wangu kwa kila anayekuja ni kuanza na chai. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inanywesha watu vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Hiyo ni karibu kalori 200, na hujala bado. Kisha punguza ugali au wali, ongeza maharage, mboga na dagaa. Nyanyua vyuma, piga skwati (kuchuchumaa na kuinuka), tembea kwa kasi kwenye miinuko yetu. Mwanaume huanza kuiona misuli mafuta ya mwili yakishuka chini ya asilimia 15 hivi, mwanamke karibu na 20. Na dada ambaye hedhi imekatika kwa kujinyima aache mara moja, aende hospitali. Sitapu zako fanya mwisho wa mazoezi, mara tatu kwa wiki zinatosha.