Kabla hujanunua rimoti nyingine, sikiliza milango

Wiki iliyopita mzee mmoja alifika kibandani kwangu Majengo, Dodoma, na Toyota IST yake, katoka nayo Kondoa. Mkononi ana rimoti mbili, ya zamani na mpya. "Fundi, zote mbovu," akaniambia kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Ya zamani ilikuwa inafunga milango mitatu, wa dereva unagoma. Akashauriwa anunue nyingine. Akanunua, nayo haifungi hata mmoja.

Nikamrudishia zote mbili, nikaingia kwenye gari na kubonyeza swichi ya loki iliyo kwenye mlango wa dereva. Milango mitatu ikalia ka! Wa dereva kimya. Hapo rimoti ikawa imeshatoka kwenye kesi.

Jaribio hilo ndilo la kwanza kwangu siku zote, na halidai kifaa chochote. Swichi ya ndani na rimoti zinasukuma mota zilezile za milango. Swichi ikifunga milango yote na rimoti ikashindwa, ugonjwa uko kwenye rimoti au kwenye kipokezi chake garini. Swichi nayo ikishindwa, iache rimoti mfukoni. Tafuta fyuzi, waya, mota, au betri kubwa. Betri ya gari iliyopumzika na kujaa husoma karibu volti 12.6. Ukikuta iko chini ya 12, usishangae loki zikiitikia kwa uvivu.

Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, kwa hiyo ndio unaoanza kuumwa. Kati ya mlango na nguzo ya bodi kuna raba nyeusi yenye mikunjo, na nyaya zote za mlango zinapita humo. Kila ukifungua zinakunjwa, ukifunga zinakunjuliwa. Baada ya miaka shaba inakatika ndani huku plastiki ya juu ikiwa nzima, hivyo kwa macho waya unaonekana hauna kosa. Dalili yake ni hii: loki inafanya kazi mlango ukiwa wazi, ukiufunga inakufa, au kinyume chake. Kwa mzee ndivyo ilivyokuwa. Usikubali fundi asokote na kuzungushia selotepu. Waya uchomelewe kwa risasi, uongezewe kipande laini chenye urefu wa kutosha, la sivyo utarudi msimu ujao.

Sasa rimoti yenyewe. Watu wanabadilisha betri na bado haifanyi kazi, wanahitimisha imekufa. Kwanza tazama namba. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 ni 2.5, na CR2016 ni 1.6. Zote ni volti 3, zote ni duara lilelile, na muuzaji atakupa iliyopo. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, itashika ukiwa umesimama dukani, kisha barabara ya vumbi ikiitikisa inaachia. Pili, kuipima betri ikiwa peke yake kunadanganya. Betri iliyochoka inaweza kukuonyesha volti 3 kamili, halafu ukibonyeza kitufe inaporomoka. Mimi huipima ikiwa ndani ya rimoti huku kitufe kimebonyezwa. Na kile kitaa chekundu kinachowaka kinakwambia betri bado ina uhai kidogo tu. Hakikuthibitishii kwamba mawimbi yametoka.

Kuna wanaoielekeza kwenye kamera ya simu, kama wanavyopima rimoti ya televisheni. Ile ya televisheni hutoa mwanga wa infraredi na kamera nyingi huuona. Ya gari hutoa mawimbi ya redio. Utaikodolea macho mpaka kesho.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kubadilisha kasha. Kasha limepasuka, mtu anauziwa jipya barabarani, ubao wa saketi unahamishwa, milango inafunguka vizuri, gari haliwaki! Ndani ya kasha la zamani kilibaki kidude kidogo cheusi, chipu ya imobilaiza, kinga ya wizi inayozuia gari kuwaka bila ufunguo wake. Chipu hiyo haitumii betri wala haihusiani na vitufe. Gari ndilo linaloiamsha ufunguo ukiwa kwenye swichi ya kuwashia. Nimewahi kumrudisha mteja nyumbani kwake Kisasa akachakure pipa la taka. Aliipata.

Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, betri ya rimoti ikiisha hujakwama. Chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, fungua mlango (king'ora kinaweza kulia, usikimbie), kanyaga breki, igusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, halafu kibonyeze. Rimoti za aina hii zinasikiliza mawimbi muda wote, hivyo ukizilaza karibu na televisheni au chaja ya simu, betri inaisha mapema.

Rimoti ikifanya kazi nyumbani na kugoma mahali pamoja tu, laumu mawimbi ya pale, hasa jirani na minara. Kama inagoma popote, chomoa chaja ya simu ya bei rahisi iliyo kwenye gari ujaribu tena. Kuhusu vumbi letu la Dodoma sina mengi: linaingia raba ya kitufe ikishatoboka, na mswaki laini wenye spiriti unatosha. Kitufe kilichochoka huchomelewa kingine. Mtoto akiichezea rimoti mbali na gari mara nyingi mno, namba za siri zinazobadilika kila mbonyezo zinaweza kuliacha gari nyuma, na hapo inabidi zipatanishwe upya.

Rimoti mpya ya mzee niliifungua. Ubao wake hutoa mawimbi ya megahezi 433, ya soko la Ulaya, wakati magari mengi ya Japani husikiliza karibu na 315. Kwa nje zinafanana kama pacha. Aliyemuuzia alikataa kuipokea, kwa hiyo mzee akaniachia iwe vipuri, na kitufe chake kimoja tayari kiko kwenye rimoti ya mteja wa Nkuhungu.