Upataji lugha ni nini? Na mtoto anajuaje neno linaishia wapi?

Upataji lugha, kwa kifupi, ni ile hali ya mtoto kuipata lugha ya watu wanaomzunguka bila kufundishwa, yaani hamna mtu anayemkalisha chini amwambie hiki kitenzi hii nomino, yeye anasikia tu watu wanaongea halafu akifika miaka minne hivi tayari anabishana na wewe kwa sentensi kamili. Ni tofauti na kujifunza lugha ukubwani, unakomaa na kamusi na sheria za sarufi na bado lafudhi inakugomea.

Wengi wanasema mtoto anaiga tu. Kuiga kupo, ila hakutoshi hata kidogo. Chukua hili: tunapoongea hatuachi nafasi kati ya maneno, zile nafasi ziko kwenye maandishi tu. Sikiliza lugha usiyoijua, unasikia mkondo mmoja hauna mkato, na ndo hivyohivyo Kiswahili kinavyomfikia mtoto mchanga: maziwayameisha, maziwayamoto, letemaziwa. Sasa nani kamwambia kwamba "maziwa" ni neno na "ziwaya" sio?

Mwaka 1996 watafiti watatu Marekani, Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport, waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 maneno ya kutunga ya silabi tatutatu, yameunganishwa mfululizo bila kupumua, sauti ya mashine, dakika 2 tu basi. Baadaye wale watoto wakawa wanatofautisha yale maneno na silabi zilizokutana kwa bahati tu, hizo za bahati walizisikiliza muda mrefu zaidi maana kwao zilikuwa ngeni. Kwa hiyo mtoto anapiga hesabu bila kujua anapiga hesabu: ma ikija inafuata zi, zi ikija inafuata wa, ila baada ya wa chochote kinaweza kuja, basi mpaka uko hapo. Mi hii ndo naona inashangaza kuliko hata neno lenyewe la kwanza.

Kitu kingine, mtoto wa miezi 6 anasikia tofauti za sauti ambazo wewe mzazi wake huzisikii. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza wa miezi 6 hadi 8 wanatofautisha t mbili za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza kwao ni moja, ila wakikaribia mwaka uwezo huo unafifia. Sio kwamba sikio limeharibika, ubongo unajikita kwenye sauti zinazotumika hapo nyumbani na zingine unaachana nazo.

Hatua zenyewe wengi mnazijua: kubwabwaja bababa mamama kwenye miezi 6 au 7 (watoto viziwi waliozaliwa na wazazi wa lugha ya alama wanabwabwaja kwa mikono, kweli kabisa), neno la kwanza karibu na mwaka, maneno mawili pamoja kati ya miezi 18 na 24, na watoto wanapishana sana. Kuelewa kunatangulia kusema, kwa hiyo dogo asiyesema kitu anaweza kuwa anakuelewa vizuri tu.

Alafu kuna mtafiti Jean Berko, mwaka 1958 aliwaonyesha watoto mchoro wa kadudu ka kubuni, akakaita wug, vikawa viwili akauliza hivi ni nini? Watoto wengi wakasema wugs, wakaongeza ile s ya wingi wa Kiingereza kwenye neno ambalo hawajawahi kulisikia popote maishani. Hapo wameiga nani? Kanuni ilikuwa tayari iko kichwani.

Na wale wanaomwekea mtoto tivii ili apate lugha: mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 vipindi 12 vya Kimandarini (Kichina). Waliokaa na mtu live anayewachezea na kuwasomea, walizishika sauti za lugha ile, ila waliopewa mtu huyohuyo kwenye video hawakuambulia kitu. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mtu aliyepo anafuata macho ya mtoto, mtoto akitazama mpira yeye anautaja mpira, mtoto akiguna anajibiwa, wakati video inaendelea tu na mambo yake.