Je, wajua skafu ya marinda hupata wapi marinda yake?

Skafu iliyofumwa kwa uzi wa marinda hushuka kwa mawimbi, tabaka juu ya tabaka. Anayeiona kwa mara ya kwanza huamini kwamba mfumaji amehesabu sana, akiongeza vitanzi hapa na kupunguza pale. Wapo pia wanaodhani uzi huo huuzwa ukiwa umeshakunjwa marinda. Dhana zote mbili si kweli. Ufumaji wake ni ule anaoanza nao kila mwanagenzi: kitanzi cha kawaida, mstari baada ya mstari, kwenda na kurudi. Na uzi wenyewe ukiukunjua ni bapa.

Kinachopotosha ni kuuita uzi, kwa sababu mtu huushika kama uzi. Hukusanya upana wake wote, akauzungusha kwenye sindano kama afanyavyo na sufu, kisha akashangaa kupata kamba nene isiyo na rinda hata moja. Ule ni utepe wa wavu. Ukiutanua, upana wake hufikia sentimita 10 hivi, ingawa hutofautiana kwa aina. Ukingo mmoja una safu ya matundu makubwa, na ukingo wa pili mara nyingi hupambwa kwa nyuzi zinazometa. Kinachofumwa ni ukingo wa matundu peke yake. Utepe wote uliobaki haufumwi kamwe, huachwa uning'inie.

Hapo ndipo siri ilipo. Fikiria sketi yenye mpira kiunoni. Kitambaa chake kina mzunguko wa mita 2, lakini mpira umekibana juu hadi sentimita 70. Chini hakuna kilichobana, kwa hiyo pindo lina mita zake 2 zilezile. Urefu uliozidi hauwezi kutoweka wala kulala bapa, basi hujikunja kwenda mbele na nyuma. Katika skafu, vitanzi ndivyo mpira. Tuseme kila kitanzi kinachukua sentimita 2.5 za utepe, nawe una vitanzi 8 kwa mstari. Umetumia sentimita 20 za utepe kwenye mstari wenye upana wa sentimita 5 tu. Ukingo wa juu umebanwa mara nne, wa chini haukuguswa. Kama ungebana kingo zote mbili sawasawa, ungerudi kwenye ile kamba nene.

Ziada hiyo ya ukingo hupatikana pia kwa njia ya kinyume, yaani kurefusha pindo badala ya kubana juu. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitumia kroshia, ufumaji wa sindano moja yenye kulabu, akiongeza vitanzi kwa uwiano uleule kila mstari. Alipata umbo lililojaa mawimbi, nalo ni kielelezo cha jiometri ambayo karatasi bapa haiwezi kuionyesha.

Kwa kuanza, sindano za milimita 5 zinatosha. Kunja ncha ya utepe mara mbili ili nyuzi zilizokatwa zifichike. Elekeza matundu juu, kisha pitisha sindano kwenye tundu, ruka moja, ingia linalofuata, hadi upate vitanzi 8, yote kutoka upande uleule. Sasa ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza, chukua tundu la utepe lililo umbali wa sentimita 2.5, livute lipite ndani ya kitanzi, kisha achia cha zamani. Ukimaliza mstari, geuza kazi na uendelee. Kwa kuwa kazi hugeuzwa kila mstari, marinda huangukia pande zote mbili za skafu.

Kosa la mara kwa mara ni utepe kujipinda, ukaingiza sindano kwenye ukingo usio wake. Rinda hilo husimama juu badala ya kushuka. Kabla ya kila kitanzi, tanua kipande kifupi kwa kidole gumba. Kosa lingine ni umbali usiolingana. Ukiruka matundu mengi, rinda huwa kubwa na skafu huisha ikiwa fupi. Ukichukua kila tundu, marinda huwa madogo na skafu hurefuka. Hesabu yake ni nyepesi: bonge lenye mita 27, kwa sentimita 2.5 kila kitanzi, hutoa vitanzi 1,080, yaani mistari 135 ya vitanzi 8. Urefu wa utepe huandikwa kwenye lebo, na unafaa kuutazama kabla ya kuchagua idadi ya vitanzi.

Usifume mpaka utepe uishe. Bakiza sentimita 30 hivi. Fuma vitanzi viwili, vusha cha kwanza juu ya cha pili, endelea hadi kibaki kimoja, kisha pitisha mkia ndani yake na ukaze. Fundo hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa wavu uliokatwa huchanika nyuzi. Kunja mkia mara mbili kama ulivyofanya mwanzoni, na uushone kwa sindano ya mkono na uzi wa cherehani wa rangi ileile.