Mchanga haulainishi udongo wa mfinyanzi

Ushauri huu umerudiwa miaka mingi: bustani yako ikiwa na udongo wa mfinyanzi, changanya mchanga, maji yatapita. Unasikika wa busara, lakini mara nyingi huharibu zaidi.

Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, ya mchanga hufikia milimita 2. Ukimwaga ndoo chache za mchanga, chembe za mfinyanzi huingia na kuziba nafasi zote kati ya punje. Udongo ukikauka, unabaki tabaka gumu ambalo hata jembe linalikwepa. Ili mchanga ufanye kazi, lazima uzidi nusu ya udongo wote wa kitalu, na hizo ni tani za kubeba bure.

Kinachosaidia kweli ni mboji au samadi iliyooza vizuri. Minyoo na vijidudu huigeuza kuwa gundi inayoshikanisha mfinyanzi katika mabonge madogo yenye nafasi za hewa. Ni kazi ya misimu kadhaa, na usilime udongo ukiwa umelowa.

Tena mfinyanzi si adui. Hushika maji na virutubisho kama potasiamu na kalisi, ambavyo kwenye mchanga huoshwa upesi.

Kabla ya kununua miche, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakibaki hadi kesho yake, panda magimbi, yanayostahimili unyevu mwingi. Rozimari ipandishe kwenye tuta, maana mizizi yake huoza.