"Msiwaguse masihi wangu" haimaanishi mchungaji asiulizwe maswali

Huu mstari wa Zaburi 105 (masihi hapo ni wapakwa mafuta, watu waliowekwa na Mungu) nimeusikia ukitumika vibaya mpaka nimechoka. Juzi tena mama mmoja, mweka hazina wa kanisa moja huku Nakuru, amekuja darasani uso umemwanguka, juu aliuliza kwenye kikao cha wazee risiti za viti ziko wapi. Hakutukana mtu, hakuinua sauti, aliuliza tu risiti, akajibiwa "msiwaguse masihi wangu" halafu akaambiwa aende nyumbani akaombe roho ya unyenyekevu. Nafundisha Biblia wahubiri wa kujitolea, wengi ni watu wa mitaa ya Free Area na Kaptembwo, wengine wananipigia simu kutoka Kisumu na Kakamega, na karibu wote wameshafungwa mdomo na huo mstari wakati fulani. Na wote wanaamini hivi: mfalme, na leo mchungaji, ni wa kuheshimiwa, unyenyekevu ni kazi ya wale wako chini yake.

Sasa fungua Zaburi 105 na usianzie mstari wa 15, anzia wa 12. Hapo wanatajwa watu wachache, wageni, hawana nchi, wanahama kutoka taifa moja kwenda lingine. Ni Abrahamu na Isaka na Yakobo hao. Halafu mstari wa 14 unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao, ndio sasa inakuja "msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu". Umeona nani anaambiwa asiguse? Ni mfalme! Ni Farao aliyemchukua Sara kwenye Mwanzo 12, ni Abimeleki wa Gerari kwenye Mwanzo 20. Huo mstari ulikuwa wa kumlinda mgeni asiye na nguvu dhidi ya mkubwa mwenye nguvu, na sisi tumeugeuza ukawa ukuta wa kumkinga mkubwa asiulizwe na mjane. Hii inaniuma sana kwa sababu mtu yeyote akisoma mistari mitatu ya juu yake anaona mwenyewe, haihitaji chuo cha theolojia.

Halafu wanakuja na Daudi. "Lakini mwalimu, Daudi hakumgusa Sauli!" Ndio, hakumgusa mfalme huyo aliyekuwa akimwinda, lakini soma 1 Samweli 24 yote, usiishie pangoni. Sauli ameingia pango la Engedi kujisaidia, Daudi akakata upindo wa vazi lake kwa siri, moyo ukamchoma hata kwa hilo, akawazuia watu wake wasimuue. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Kumbe baada ya hapo Daudi anatoka nje ya pango, anamwita mfalme kwa sauti mbele ya jeshi lake, anainama mpaka uso unagusa ardhi, anamwita "baba yangu", na mkononi ameshika kile kipande cha nguo kama ushahidi, anamuuliza mbona unasikiliza maneno ya watu, mbona unaniwinda na mimi sijakukosea, Bwana ataamua kati yangu na wewe. Sauli akalia, akakubali Daudi ana haki kuliko yeye. Kwa hiyo "kugusa" ambako Daudi alikataa ni kumuua mtu. Kuuliza hakukataa, aliuliza hadharani, na heshima yake ikabaki pale pale. Sijui nani alitufundisha kwamba ukimheshimu mzee huwezi kumuuliza kitu.

Na si Daudi peke yake. Nabii Samweli alimwambia Sauli usoni kwamba ametenda upumbavu. Nabii Nathani aliingia kwa Daudi mwenyewe, mpakwa mafuta kabisa, akamwambia kuhusu kosa lake "wewe ndiwe mtu huyo", na Daudi hakumjibu kwa mstari wowote wa kujikinga, alisema nimemfanyia Bwana dhambi. Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake, kuhani Azaria alimfuata na makuhani wengine 80 wakamzuia, iko 2 Mambo ya Nyakati 26, na aliyetoka pale na ukoma kwenye paji la uso ni mfalme, si hao 80. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Na kuhusu pesa ndio kabisa, 2 Wakorintho 8 Paulo anabeba mchango wa kwenda Yerusalemu na anahakikisha kuna ndugu wengine wameteuliwa na makanisa wa kusafiri nao, anasema wazi ni ili mtu asije akawalaumu, maana wanataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume mzima anajitafutia mashahidi kabla hata hajaulizwa. Huyo mama na risiti zake alikuwa anafanya kazi ya Paulo.

Kama unataka kujua Biblia inamwekea nani mzigo wa unyenyekevu kwanza, enda Kumbukumbu la Torati 17, mstari wa 14 hadi 20. Ndiyo sheria ya mfalme. Asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijiongezee sana fedha na dhahabu. Halafu akikaa kwenye kiti cha ufalme anaandika nakala ya torati kwenye kitabu kutoka kile kilicho mbele ya makuhani, anakaa nacho, anasoma siku zote za maisha yake, na sababu imeandikwa: moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Ndugu zake, hawakuitwa watumishi wake. Sasa pima Sulemani na hiyo orodha: magari 1,400, wapanda farasi 12,000, farasi wakitoka Misri, wake 700 na masuria 300, dhahabu talanta 666 kwa mwaka mmoja. Watu wanahubiri hizo namba kama baraka tupu, wasiseme kwamba kila moja inagonga kile mfalme alikatazwa. Mwanawe Rehoboamu wazee walimshauri awe mtumishi wa watu leo nao watamtumikia siku zote, akakataa, akachagua kuongeza nira, makabila 10 yakaondoka.

Ushauri wangu ambao nampa kila kiongozi mpya, awe mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kina mama: nunua daftari, andika hiyo mistari saba kwa mkono wako, si kupiga picha na simu, kuandika. Halafu isome kabla ya kila kikao cha pesa.

Hoja zingine za kupotosha kuhusu unyenyekevu na ufalme nitazipitia haraka.

Punda. Wengine wanasema Yesu alipanda punda kuingia Yerusalemu kwa sababu ni mnyama wa maskini, hawa wetu wa Nakuru wa kuvuta mikokoteni ya maji ndio wanawachanganya watu. Wengine wanasema eti punda ilikuwa gari la kifahari la wakati huo kwa hiyo mtumishi naye astahili Prado. Zote mbili hapana. Wana 30 wa mwamuzi Yairi walipanda punda 30, na Sulemani alipelekwa Gihoni kutawazwa akiwa juu ya nyumbu (yule wa punda na farasi, si wa porini) wa babake, kwa hiyo aibu haikuwepo. Lakini Zekaria 9, ule utabiri wa mfalme anayekuja juu ya punda, mstari wa 10 unaendelea kusema gari la vita litaondolewa Efraimu na farasi Yerusalemu, maana yake mfalme huyu haji na jeshi. Na kwenye Marko 11 huyo mwanapunda ni wa kuazimwa na alipaswa kurudishwa, wale wa Prado huwa hawafiki hapo.

"Unyenyekevu ni kusema siwezi, sifai." Sauli alisema hivyo, akajificha kwenye mizigo siku ya kutangazwa, na baadaye ni yeye huyo huyo alijisimamishia mnara Karmeli na akamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee. Yesu aliosha miguu ya wanafunzi na papo hapo akawaambia mnaniita Mwalimu na Bwana, mko sawa, ndivyo nilivyo. Dada zangu mnaokataa kila nafasi mkichaguliwa, someni Yohana 13.

"Mheshimiwa ni mnyenyekevu, si ulimwona akitoa kwenye harambee." Luka 22:25, wafalme wa Mataifa huwatawala na bado huitwa wenye fadhili. Yesu alisema kwenu isiwe hivyo. Kutoa pesa na kujishusha ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hii ya "sisi ni wana wa Mfalme, tuishi kifalme". Jibu ni Yeremia 22. Mfalme Yehoyakimu alijijengea nyumba ya vyumba vikubwa, akaifunika kwa mierezi na kuipaka rangi nyekundu, na wafanyakazi hakuwalipa. Nabii anamuuliza, baba yako Yosia si naye alikula na kunywa? Mungu hakumkataza Yosia chakula, alimsifu kwa sababu aliamua kesi ya maskini na mhitaji, akasema huko ndiko kunijua mimi. Kwa hiyo kama kuna fundi anaidai kanisa lenu pesa ya ukuta, mlipeni kabla hamjaanza kuchangia jukwaa jipya.