Kanuni ikivunjwa na upande wako

Mi nafundisha siasa hapa Lubumbashi, na wanafunzi bakitaka kuongea juu ya demokrasia kuharibika banataja mbio ile siku ya 6 Januari 2021, batu kuvamia Capitol kule Marekani. Sawa, lakini sana-sana siku hizi inakufa kwa kura na kwa mihuri, bila kelele. Angalia Hungaria, Viktor Orbán alirudi kuwa waziri mkuu mu 2010 na theluthi mbili ya viti, akatunga katiba mpya, akapunguza viti vya bunge toka 386 mpaka 199, akachora upya majimbo ya uchaguzi, na hakuna kifaru hata kimoja kilitoka mu barabara.

Sasa kwa nini benye kupiga kura banaacha mambo kama hayo yapite? Mu 2020 bataalamu ba siasa Matthew Graham na Milan Svolik balitoa utafiti wao juu ya Wamarekani, bakaona ni karibu 3.5 kwa mia tu benye banaweza kumuacha kandida wa upande wao juu amevunja kanuni. Wengine banameza. Si kama banachukia demokrasia, ukibauliza banaisifu sana, ila banaogopa wale wengine zaidi. Kama derby ya Mazembe na Lupopo, timu mbili za mpira za hapa Lubumbashi: penalti ni ya bongo paka kama bamepewa wale.

Na sisi tusijifanye wageni. Mu Mei 1960 Conakat, chama cha Moïse Tshombe, ilipata viti 25 mu bunge ya jimbo letu la Katanga yenye viti 60, kartel ya Balubakat, muungano wa vyama vya wapinzani wake, ikapata 23. Balubakat bakasusia vikao, hesabu ya kufungua bunge ikakosa, basi mu Juni Wabelgiji bakabadilisha sheria katikati ya mambo ili Tshombe aunde serikali yake. Wa Conakat iliwafaa. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na kaskazini damu ikamwangika.

Januari 2015 opozisyo, na chama cha UDPS ndani yake, ilikuwa inalalamika Kinshasa juu ya sheria ya uchaguzi yenye iliogopwa itamuacha rais wa wakati ule, Joseph Kabila, abaki ku utawala; ilisema katiba isiguswe. Leo UDPS, chama cha rais Tshisekedi, iko mu serikali njo inataka ibadilishwe, na batu ya Kabila njo banaitetea, ni kama balibadilishana makaratasi ya hotuba.

Ndiyo maana simuulizi mutu anachagua nani. Namuuliza: upande wako ukifanya nini, utasema hapana? Mara nyingi jibu linaanza na "lakini wale..."